Hukumu ya Watazamaji wa Sinema katika Afrika Mashariki

Kata ya Qurus imo katika Wilaya ya Karatu, katika nchi ya milima iliyo jirani na Ngorongoro. Sehemu hizo zimepigwa picha nyingi za sinema. Filamu ya Kijerumani ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, yenye kuhimiza Serengeti isife, ilitoka mwaka wa 1959, nayo ikapata tuzo ya Oscar mwaka wa 1960. Michael mwenyewe alikufa katika ajali ya ndege tarehe 10 Januari, 1959, akazikwa ukingoni mwa bonde la Ngorongoro. Watazamaji wa Ulaya waliipenda filamu hiyo, na mapenzi yao yakaleta fedha za kuhifadhi wanyama. Mwaka ule ule wa 1959 Wamaasai waliokaa Serengeti walihamishiwa Ngorongoro. Yaonekana basi ya kwamba hukumu ya mtazamaji si jambo dogo; yaweza kutia nguvu shauri la nchi ambayo yeye hajapata kuikanyaga. Je, hukumu ya mtazamaji wa Afrika Mashariki ilisikilizwa na nani?

Miongoni mwa wa kwanza kuitafuta kwa mpango walikuwa Notcutt na Latham, walioendesha jaribio la sinema ya mafunzo kutoka Vugiri, Usambara, kati ya mwaka wa 1935 na 1937. Walitengeneza filamu 35, wakazitembeza kwa lori, maelezo yakitolewa kwa sahani za santuri katika lugha za wenyeji. Waliandika namna watu walivyozipokea. Lakini swali lao lilikuwa la mwalimu kwa mwanafunzi: somo limeingia au halikuingia? Idara ya filamu za makoloni, iliyoanzishwa London mwaka wa 1939, ilizidi hapo. Mkuu wake, William Sellers, alishika ya kwamba Mwafrika wa shamba apewe picha za polepole, zisizo na hila za kamera. Mtu aliyekwisha kudhaniwa hawezi kufahamu, ni vigumu kuulizwa kama amependezwa.

Katika miji ya pwani mambo yalikuwa mengine. Huko watu walilipa nauli ya mlangoni kwa fedha zao, na mwenye kulipa ana haki ya kusifu na kulaumu. Katika miaka ya 1950 Awaara, filamu ya Raj Kapoor ya mwaka wa 1951, ilipendwa sana Unguja na Dar es Salaam, ingawa wengi hawakujua Kihindi. Aliyefahamu alimweleza jirani yake. Nyimbo zikachukuliwa majumbani. Hapakuwa na fomu wala alama za kuandika. Kurudia kutazama ndiyo sifa, na kumsimulia mwenzio ndiyo shahada.

Hukumu hizi zimeacha athari katika lugha. Mhusika mkuu wa filamu huitwa steringi, neno la Kiingereza lililobadilishwa kazi: lililokuwa kitendo cha kuigiza limekuwa jina la mtu. Kutokana nalo umetoka msemo, “Steringi hafi.” Kwa maneno mawili tu, watazamaji wametaja kanuni ya usanii wanayoitarajia, na papo hapo wamempa msanii kipimo atakachopimwa nacho. Msemo huo umetoka ukumbini, ukatumika hata kwa mtu aliyeponea chupuchupu. Vivyo hivyo vibanda vya video vya siku za baadaye, vyenye joto na msongamano, viliitwa vibanda umiza. Jina hilo nalo ni hukumu, juu ya nyumba badala ya filamu. Katika vibanda hivyo Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alipata sifa kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, akatia na maoni yake katika tafsiri.

Hivyo mtafiti anayetafuta maoni ya watazamaji katika majalada ya serikali pekee atayakuta machache, tena yamepita katika kalamu ya mtu mwingine. Aanze na msamiati. Na katika nchi kama Qurus, ambako Kiiraqw kina maneno yake kando ya Kiswahili, asidhani ya kwamba kazi imekwisha akimaliza lugha moja. Wazee waliozitazama sinema za lori hupungua kila mwaka, na maneno yao huondoka pamoja nao.