Tramu Iliyoishia Mezani

Katika barabara ya Water Street, eneo la Gastown jijini Vancouver, Kanada, tramu namba 53 imeegeshwa ndani ya jengo namba 53. Tramu yenyewe iliundwa mwaka 1904 na kampuni ya British Columbia Electric Railway, katika karakana zake za New Westminster. Jengo ni la mwaka 1907, nalo lilikuwa ghala la W. H. Malkin, mfanyabiashara wa jumla wa chai, kahawa, viungo na jemu, ambaye baadaye alikuwa meya wa jiji hilo. Mgeni, basi, amemzidi mwenyeji wake miaka mitatu. Hakuna nauli tena wala kondakta. Anayepanda siku hizi huongozwa na mhudumu hadi kwenye kiti, huletewa orodha ya vyakula, kisha hula sahani ya tambi huku amekaa ndani ya chombo kilichowahi kuwapeleka wafanyakazi kazini na kuwarudisha nyumbani.

Mgahawa huo unaitwa The Old Spaghetti Factory, na umekuwa hapo tangu mwaka 1970. Wengi hupita wakidhani tramu ile ni pambo tu. Mimi naiona kama manusura, na nadhani historia ya usafiri wa miji ya Marekani na Kanada haijawapa wenye migahawa heshima wanayostahili. Makumbusho yalifanya kazi kubwa, sikatai. Lakini kulikuwa na miaka ambayo mabehewa haya hayakuwa na mtetezi, na waliokuwa tayari kuyatafutia nafasi chini ya paa, tena kwa fedha zao wenyewe, walikuwa watu wa jikoni.

Ndoa ya tramu na chakula, hata hivyo, ni ya zamani kuliko tambi za Gastown.

Tramu za kwanza za Marekani zilivutwa na farasi, zikianzia New York mwaka 1832. Kisha mwaka 1888 mhandisi Frank Sprague akafanikiwa kuendesha mtandao mzima kwa umeme katika mji wa Richmond, Virginia, na ndani ya miaka kumi na tano hivi farasi wakawa wamestaafishwa karibu kote Marekani. Mabehewa yao yakabaki. Yalikuwa mafupi na mepesi, na hayakufaa kufungwa mota. Kampuni zikaanza kuyauza kwa bei ya kutupa.

Jijini San Francisco, mwaka 1895, behewa la farasi liliuzwa dola 20 likiwa na viti vyake, na dola 10 likiwa tupu. Wanunuzi waliyaburura hadi kwenye vilima vya mchanga vya ufuko wa bahari ya Pasifiki, upande wa magharibi wa jiji. Miongoni mwa wa kwanza kuyatumia huko alikuwa mtu aliyejulikana kama Kanali Charles Dailey, aliyeyakodi kwa Adolph Sutro, tajiri mwenye ardhi ile, akafungua humo mahali pa kuuzia kahawa. Klabu ya wanawake waendesha baiskeli walioitwa Falcons nao wakachukua behewa lao, wakawa wanapika na kuandaliana karamu humo baada ya safari ndefu ya kukanyaga pedali. Kijiji kikaota, nacho kikaitwa Carville, yaani mji wa mabehewa. Watu waliyapanga ubavu kwa ubavu, wengine wakayapandisha moja juu ya jingine hadi yakawa ghorofa. Msomaji wa Dar es Salaam anayepita kila siku kwenye kontena lililokatwa dirisha likawa duka la vyakula hahitaji kuelezwa zaidi jinsi jambo hilo lilivyokwenda.

Upande wa mashariki wa nchi, mabehewa kama hayo yalikutana na biashara iliyokuwa tayari mitaani. Tangu mwaka 1872 mtu aitwaye Walter Scott alikuwa akiuza chakula usiku kutoka kwenye gari la kuvutwa na farasi mjini Providence, Rhode Island, akiwalenga wapiga chapa wa magazeti na wafanyakazi wengine wa zamu za usiku. Waliomfuata walipoona mabehewa ya tramu yanauzwa rahisi, waliyanunua, wakaweka jiko na kaunta, wakaanza kazi. Ile migahawa myembamba mirefu ya Marekani inayoitwa diner, unayoiona kwenye sinema, sehemu ya ukoo wake ni hii.

Tramu za umeme zilipofikia umri wa kustaafu, hazikupata bahati hiyo. Kampuni zilikuwa zimefungwa na mikataba ya zamani iliyowabana watoze senti 5 tu, wakati mishahara na bei ya vifaa vimepanda karibu maradufu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mikataba mingi ikawataka pia watengeneze barabara katikati ya reli zao, barabara ambayo magari binafsi yaliitumia bure na kuwachelewesha. Mabasi yakaingia. Mwaka 1949 mahakama iliikuta kampuni ya National City Lines, pamoja na washirika wake wa mabasi, mafuta na matairi, na hatia ya kula njama ya kuhodhi uuzaji wa mabasi na vifaa kwa kampuni za usafiri walizozidhibiti. Wapo wanaosema hukumu hiyo ndiyo maelezo yote ya kifo cha tramu. Kwangu mimi njama ilimkuta mgonjwa ambaye tayari hakuwa akipewa dawa.

Portland, Oregon, ilifunga njia zake za mwisho za tramu za mjini mwaka 1950. Vancouver ilifuata mwaka 1955. Kilichotokea kwa mabehewa ni jambo linalouma hata leo ukiangalia picha. Bodi lilikuwa la mbao zilizopakwa vanishi kwa miongo mingi, na thamani ilikuwa kwenye chuma na shaba. Njia ya haraka ya kutenganisha mbao na chuma ni moto. Pale Vancouver waliyachoma chini ya daraja la Burrard. Hata tramu mbili za wazi zilizotembeza watalii, zilizofanywa maarufu na kondakta Teddy Lyons aliyewachekesha abiria kwa takriban miaka arobaini, hazikusalimika. Zilisimamishwa mwaka 1950, zikaishia kwenye chuma chakavu. Zilizopendwa na jiji zima zikateketea. Namba 53, tramu ya kawaida isiyo na umaarufu wowote, ikabaki.

Nyingine zilinusurika kwa njia za unyonge. Magurudumu na mota vilichukuliwa kwa uzito wa chuma, bodi likauzwa kwa mkulima, likawa stoo ya mbegu au banda la kuku. Ndiyo maana tramu nyingi zilizookolewa baadaye zilipatikana mashambani, zimezungukwa na magugu, paa linavuja. Kwa mrekebishaji wa makumbusho huo ni mtihani mkubwa: bila magurudumu hakuna tramu. Kwa mwenye mgahawa haikuwa tatizo hata kidogo. Hakutaka kwenda popote.

Januari mwaka 1969, mjini Portland, Guss Dussin na mkewe Sally walifungua The Old Spaghetti Factory ya kwanza katika sehemu kongwe ya mji. Mauzo ya siku ya kwanza yalikuwa dola 171. Ukoo wa Dussin ni wa Kigiriki, na hadi leo chakula kinachotambulisha mgahawa huo ni tambi zilizomiminiwa siagi iliyokaangwa hadi ikawa ya kahawia na kunyunyiziwa jibini la mizithra, jibini la Kigiriki, ingawa jina na sura ya mahali vinakuambia uko kwa Waitaliano. Sally ndiye aliyeshika mapambo. Alinunua vitu vya kale ambavyo wakati ule watu walivitoa nyumbani ili kuweka vipya: taa za vioo vya rangi, na vitanda vya shaba ambavyo vichwa vyake vikageuzwa kuwa maegemeo ya mabenchi. Na tramu. Behewa lililowekwa katikati ya ukumbi na meza ndani yake likawa alama ya mgahawa huo popote ulipofunguliwa tawi, na Gastown, chini ya kampuni tofauti ya Kanada, ikafuata mwaka mmoja baadaye.

Kwa nini wakati ule hasa? Hesabu miaka. Mtu aliyepanda tramu ya mwisho ya Portland akiwa na umri wa miaka 15 alikuwa na 34 mgahawa ulipofunguliwa, na huenda ana watoto wadogo. Alikuwa na hamu ya kuwaonyesha alichokijua, na hakukuwa na pa kuwaonyesha. Na maghala nayo yalikuwa matupu. Biashara ya jumla ilikuwa imehama katikati ya miji, kodi za pango zikashuka, na majengo yenyewe yalikuwa na dari ndefu na milango mipana ya kupakulia mizigo. Ni jengo gani la mgahawa wa kawaida ambalo ungeingiza behewa zima la tramu? Gastown kwenyewe kulikuwa kumenusurika kubomolewa kupisha barabara kuu mwishoni mwa miaka ya 1960, na hakukutangazwa eneo la urithi hadi mwaka 1971.

Lakini sababu inayonivutia kuliko zote imo ndani ya behewa lenyewe, nayo ni kiti.

Tramu nyingi za zama zile zilikwenda na kurudi bila kugeuka. Zikifika mwisho wa njia, dereva alichomoa mpini wa kuendeshea, akatembea nao hadi upande wa pili, na uliokuwa mkia ukawa kichwa. Viti navyo vilipaswa kutazama mwelekeo mpya. Kwa hiyo egemeo halikukazwa. Lilishikwa na vyuma viwili pembeni, na kondakta akipita katikati ya behewa alilisukuma moja baada ya jingine, likivuka juu ya kiti kutoka upande huu kwenda ule kwa mlio wa kugonga, pa, pa, pa, hadi mwisho. Kalio la kiti lilisukwa kwa henzirani, nyuzi zake zikang'aa kwa kukaliwa na maelfu ya watu. Sasa acha egemeo moja kati ya mawili bila kulisukuma. Viti viwili vinatazamana, na katikati kuna nafasi ya magoti. Weka ubao hapo. Una meza ya watu wanne, dirisha ubavuni, na juu yao paa lililoinuliwa katikati lenye vidirisha vidogo vinavyoingiza mwanga. Aliyeunda tramu hakufikiria tambi, lakini alikuwa amekwisha tatua swali la kuwakalisha watu kwa karibu bila kugongana viwiko.

Wengine waliiga. Dallas, mwaka 1972, Robert Hawk alifungua Spaghetti Warehouse katika jengo lililokuwa kiwanda cha mito ya kulalia, na tramu ikawa kivutio chake pia. Mgahawa wa Victoria Station, ulioanzia San Francisco mwaka 1969, ulitumia mabehewa ya mizigo ya treni, ukasambaa nchi nzima, ukafilisika mwaka 1986. Melbourne, Australia, walikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 1983 wageni walikula chakula cha jioni ndani ya tramu zikitembea mjini, hadi mwaka 2018 zilipoondolewa barabarani kwa sababu za usalama. Hizo sizihesabu pamoja na hizi zilizotulia. Zile zilibaki vyombo vya usafiri, zikahukumiwa kwa sheria za usafiri.

Hatari ya zilizotulia ni nyingine. Uhai wake unategemea mauzo ya chakula. Spaghetti Warehouse ya Dallas ilifungwa mwaka 2019 baada ya miaka 47, na vitu vyake vikapigwa mnada. Behewa lililoingizwa ghalani nusu karne iliyopita si kabati. Kulitoa ni kazi ya mafundi, na wakati mwingine ni ya kuvunja ukuta. Tena si kila tramu ya mgahawani ni ya kale kweli, nyingine ni nakala zilizoundwa kwa ajili ya ukumbi, na ukiwa mlaji si rahisi kujua ipi ni ipi. Ningependa kila mgahawa wenye behewa halisi ubandike mlangoni namba yake, mwaka lilipoundwa na njia lililopita, kwa maandishi ambayo mtoto anaweza kuyasoma akisubiri meza. Gharama yake haifiki bei ya sahani chache.

Pwani yetu nayo iliwahi kuwa na reli za mitaani. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mombasa ilikuwa na troli ndogo zenye kipaa cha kukinga jua, zikisukumwa na watu juu ya reli nyembamba kuelekea Kilindini, na Unguja treni ya Bububu ilianza mwaka 1905 ikipita katikati ya mji. Leo vyombo hivyo tunavijua zaidi kwa kadi za posta za zamani.

Portland, ilikoanzia hadithi ya tambi, ilibadili mawazo. Mwaka 2001 ilirudisha tramu katika mitaa yake, mpya kabisa, na mwaka 2007 njia hiyo ikarefushwa hadi kituo cha Lowell, eneo la South Waterfront, kando ya mto Willamette. The Old Spaghetti Factory ilikuwa imekwisha hamia ukingo huohuo tangu mwaka 1984. Abiria akishuka kituo cha Lowell, akatembea hatua chache kuelekea mtoni na kufungua mlango, anaikuta tramu nyingine ndani, taa zimewashwa, na watu wamekaa madirishani.