Nafasi ya Kuchonga

Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi akapanda Newala, akakusanya vinyago vya Wamakonde. Wachongaji wale walikuwa wakulima. Nafasi ya sanaa waliipata zaidi baada ya mavuno, msimu wa jando na ngoma. Jambo hilo lajulikana. Lisilotajwa sana pamoja nalo ni maji. Juu ya uwanda ule hapana mito. Wanawake waliteremka hadi bondeni, wakapanda tena na mitungi kichwani. Hata ufinyanzi, sanaa yao wenyewe, ulidai maji hayohayo! Nafasi ya mchongaji, naona, ilibebwa kichwani na mkewe. Miaka ya 1950 mabomba yalianza kupandisha maji. Nani alipewa saa zile?