Ana Mataji, Ana Hela, Lakini Kadi ya Mkopo Lazima Iwe na Jina la Mume

Wadau, leo sitaanza na jina. Nawapa sifa tu, wewe kisia.

Ni mwanamke, Mmarekani. Mwaka 1971 aliweka rekodi ya kuwa mwanamichezo wa kwanza wa kike kuingiza zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka mmoja. Mwaka 1973 akaenda Wimbledon akabeba mataji matatu kwa mpigo: mmoja mmoja, wawili wawili, na ile ya mchanganyiko wa wanawake na wanaume. Septemba 20 mwaka huohuo akaingia uwanja wa Astrodome kule Houston, mbele ya watu zaidi ya 30,000, kucheza na mzee wa miaka 55, bingwa wa zamani wa kiume, aliyekuwa anatamba kila kona kwamba wanawake kwenye tenisi ni wa kusindikiza. Zawadi ilikuwa dola 100,000 na mshindi anachukua zote. Dada akamchapa seti tatu bila majibu.

Wanaofuatilia michezo washamjua. Kwa ambao bado, anaitwa Billie Jean King.

Sasa sikia. Huyuhuyu ndiye aliyekuwa analisha nyumba. Mume anasoma sheria, hana kipato, mke yuko uwanjani anasaka hela. Ila kadi ya mkopo? Ilikuwa lazima iwe na jina la mume. Yaani mwenye hela hakopesheki, asiye na hela ndiye anakopesheka.

Mara ya kwanza nilivyosoma hii nilidhani ni chumvi za mitandaoni. Nikaanza kufukunyua. Nilichokuta ni kwamba hakuwa peke yake, na wala haikuwa bahati mbaya. Ulikuwa ni mfumo.

Kadi ilivyoanza

Kwanza tuelewane kuhusu kadi yenyewe. Zamani Wamarekani walikuwa wanakopa kama sisi tunavyokopa kwa mangi. Muuza duka anakujua, anaandika kwenye daftari, mwisho wa mwezi unalipa. Maduka makubwa yakaanza kuwapa wateja wao kadi zao za duka. Mwaka 1950 ikaja Diners Club, kadi ambayo unaweza kula nayo kwenye migahawa tofauti na kulipa baadaye.

Halafu Septemba 1958 Bank of America ikafanya kituko. Iliwatumia watu wapatao 60,000 wa mji wa Fresno, California, kadi za mkopo kwa posta. Hawakuomba. Hawakujaza fomu. Unafungua bahasha unakuta kadi. Hiyo ndiyo BankAmericard, ambayo mwaka 1976 ilibadilishwa jina ikawa Visa, hiyohiyo unayoiona kwenye kadi yako ya benki.

Kwa hiyo kumbuka, kuna watu walitupiwa kadi bila kuomba, na kuna bingwa wa dunia ambaye hakuweza kuipata kwa jina lake.

Daftari la mambo yako

Ili benki ikukopeshe inataka kujua wewe ni mtu wa aina gani. Hii biashara ya kuuza habari za wakopaji ni ya kitambo kuliko kadi zenyewe. Mwaka 1841, jijini New York, mfanyabiashara wa hariri anaitwa Lewis Tappan alianzisha kampuni ya kukusanya habari za wafanyabiashara. Biashara yake mwenyewe ilikuwa imeyumba kwenye mdororo wa uchumi wa 1837, kwa sababu watu walikopa na hawakulipa. Akaona bora awe na watu mikoani wanaomwandikia: fulani ni mlipaji, fulani mlevi, fulani usimguse.

Mwaka 1899, Atlanta, ndugu wawili wakaanzisha kampuni nyingine ya kuandika habari za wateja wa kawaida. Ikakua ikawa na mafaili ya mamilioni ya watu, na humo ndani hakukuwa na madeni tu. Kulikuwa na umbea mtupu: ndoa yako ikoje, unakunywa, majirani wanakuonaje. Kelele zilipozidi, mwaka 1970 Marekani ikatunga sheria kwamba mtu ana haki ya kujua kilichoandikwa kwenye faili lake na kupinga yaliyo ya uongo. Mwaka 1975 kampuni ikabadilisha jina. Leo inaitwa Equifax.

Ungedhani hapo mambo yameisha. Faili lako unaliona, deni lako umelipa, kesho unapata mkopo. Kwa mwanaume, angalau mzungu, ilikuwa inaelekea huko. Kwa mwanamke hapana.

Siku ya harusi ndiyo siku ya kufutwa

Hapa ndipo paliponiuma.

Chukua mdada wa Kimarekani mwaka 1970, ana kazi yake na kadi yake ya duka, analipa kila mwezi bila kuchelewa. Anaolewa. Maduka na benki nyingi zilikuwa zinamfungia akaunti yake, halafu zinamtaka aombe upya kwa jina la mume. Akikubali, malipo yote anayofanya kuanzia hapo yanaingia kwenye faili la mume. Analipa yeye, sifa anapata mwenzie.

Mwanaume akioa haulizwi kitu. Anaendelea na akaunti yake kama kawaida.

Sasa ndoa ivunjike, au mume afariki. Mwanamke anaenda benki, ana miaka 20 ya kulipa madeni vizuri. Wanafungua kabati, hakuna faili lenye jina lake. Kwao ni mtu ambaye hajawahi kukopa. Ombi linakataliwa. Yaani siku anayohitaji mkopo kuliko siku zote ndiyo siku anaambiwa hajulikani.

Na si hilo tu. Kwenye mikopo ya nyumba, mshahara wa mke wakati mwingine ulihesabiwa nusu, au haukuhesabiwa kabisa, kwa hoja kwamba atabeba mimba ataacha kazi. Kuna wanandoa walitakiwa kuleta barua ya daktari kuthibitisha kwamba mke hawezi kuzaa au anatumia uzazi wa mpango. Barua ya daktari, kwa ajili ya mkopo!

Mwaka 1972 tume ya taifa ya mikopo ya wananchi ilikaa kusikiliza malalamiko haya hadharani, na ripoti yake ikayathibitisha: mwanamke asiyeolewa anapata shida kukopa kuliko mwanaume asiyeoa, aliyeolewa anatakiwa kuomba upya, aliyeachika na mjane ndio kabisa.

Kisa kilichonichekesha kwa uchungu ni cha meya wa mji wa Davenport, jimbo la Iowa. Alikuwa mwanamke. Mji mzima uko chini yake. Akaomba kadi ya mkopo, akaambiwa alete sahihi ya mume.

Mama aliyeenda kutoa kopi

Nani alivunja hili jambo? Waliandamana wengi, waliandika barua wengi. Ila kuna mama mmoja, kila nikimfikiria nasema huyu alistahili sanamu.

Anaitwa Lindy Boggs, wa Louisiana. Mume wake alikuwa mbunge mkubwa, kiongozi wa walio wengi bungeni. Oktoba 1972 ndege aliyopanda ilipotea Alaska, na haijapatikana mpaka leo. Mwaka uliofuata mama akagombea kiti kilekile, akashinda. Akapangwa kwenye kamati ya mambo ya mabenki.

Kamati ilikuwa inajadili muswada wa kuzuia ubaguzi kwenye mikopo. Akasoma, akaona wametaja ubaguzi wa rangi, umri na mengine, lakini jinsia hakuna. Kumbuka huyu ni mjane. Anajua kinachompata mwanamke ambaye jina lake lilikuwa limefichwa nyuma ya jina la mume.

Hakupiga kelele. Alichukua kalamu, akaongeza kwa mkono wake maneno ya kuzuia ubaguzi wa jinsia na wa hali ya ndoa, akaenda chumba cha jirani akatoa kopi, akarudi akagawa kwa kila mjumbe. Kisha kwa upole kabisa akawaambia kwamba bila shaka wenzake walipitiwa tu. Nani angesimama aseme hapana, tulikusudia? Ikapita bila pingamizi.

Oktoba 28, 1974 Rais Gerald Ford akasaini sheria ya usawa katika mikopo, ikaanza kazi mwaka mmoja baadaye. Mwaka 1976 ikaongezewa makali: rangi, dini, taifa la asili na umri vikaingia, na anayenyimwa akapewa haki ya kuambiwa sababu. Na kuanzia Juni 1977, akaunti mpya za mke na mume zikatakiwa kuripotiwa kwa majina yote mawili, ili anayelipa naye aonekane.

Piga hesabu. Tangu ile mechi ya Houston mpaka sheria kusainiwa ni miezi 13 tu. Haya si mambo ya enzi za mawe. Kuna bibi za watu wako hai wameyapitia.

Je, kompyuta ndiyo mwokozi?

Mwaka 1956 mhandisi na mtaalamu wa hesabu walianzisha kampuni iliyoitwa Fair, Isaac, ya kupima wakopaji kwa namba. Mwaka 1989 ikatoka alama yao inayotumika kila mahali Marekani, FICO. Wazo lilikuwa zuri: namba haijui wewe ni mke wa nani.

Lakini Novemba 2019 kukatokea sekeseke. Mtengeneza programu mmoja maarufu alilipuka Twitter kwamba kadi mpya ya kampuni kubwa ya simu imempa yeye kikomo cha mkopo mara 20 ya cha mke wake, wakati wanalipa kodi pamoja na mke ana alama nzuri kumzidi. Mtandao ukawaka. Wasimamizi wa huduma za fedha wa New York wakachunguza, na Machi 2021 wakasema hawakukuta ubaguzi uliovunja sheria, ila maelezo kwa wateja yalikuwa mabovu. Wakafafanua jambo moja ambalo naomba ulishike: kutumia kadi ya mwenzio kwa ruhusa yake si sawa na kuwa na akaunti yako mwenyewe. Kwenye vitabu, mwenye akaunti ndiye anayehesabika.

Sasa turudi mtaani

Unaweza kusema hizi ni habari za Wamarekani, sisi kadi za mkopo tunazo wangapi? Kweli, wengi wetu hatuna. Ila tuna simu. Tangu M-Shwari ianze Kenya Novemba 2012, na wengine wakafuata huku kwetu, laini yako ndiyo imekuwa faili lako. Unavyoweka hela, unavyotuma, unavyorejesha, vyote vinasomwa.

Kuna dada mmoja, simtaji, ananijua na atasoma hapa. Anauza nguo. Kwa miaka karibu minne alikuwa anakopa kwa simu, anaagiza mzigo, anarejesha kabla ya siku. Kikomo chake kilipanda kutoka hela ya vocha mpaka hela ya maana. Laini ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mwanaume wake, kwa sababu wakati wa usajili wa alama za vidole yeye hakuwa na namba ya NIDA.

Wakaachana. Jamaa akaenda kuirudisha laini kwa alama ya kidole chake. Ni haki yake, ni laini yake. Dada akasajili mpya kwa jina lake, akaomba mkopo wa kuingiza mzigo wa sikukuu. Jibu: hujakidhi vigezo.

Alinipigia analia. Anasema, "Mdogo wangu, mimi nimewahi kuchelewa lini?" Sikuwa na jibu. Hajawahi kuchelewa hata siku moja. Ila kwenye vitabu aliyekuwa halipi kwa kuchelewa ni yule mwanaume, ambaye hajawahi kulipa hata mia.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba habari ya Billie Jean haijaisha. Hakuna aliyetaka kumuonea dada yetu. Hakuna sheria iliyosema mwanamke asikopeshwe. Lakini kilichompata ni kilekile kilichompata mjane wa Marekani mwaka 1970: amelipa miaka yote, jina lililoandikwa ni la mtu mwingine.

Kwa hiyo kama unasoma hii na laini unayotumia ina jina la bebi, kaka, shemeji au bosi, nenda kasajili yako wiki hii. Anza na mkopo mdogo, rejesha, jenga jina lako mwenyewe hata kama leo mnapendana hadi kufa. Ukikataliwa mkopo uliza sababu, na uliza taarifa zako zimeandikwaje. Usione aibu, ni mambo yako.

Yule dada sasa ana miezi mitano na laini yake. Juzi kanitumia picha ya skrini, kikomo kimepanda mpaka elfu thelathini. Kaweka emoji ya kucheka na ya kulia pamoja. Nguo za sikukuu hakuingiza, ila anasema Idi ijayo atakuwepo.