Mega Man Legends 3: gemu iliyosubiriwa miaka kumi, ikapigwa chini

Kwenye vibanda vya gemu vya hapa Mikumi barabarani na kule Kilosa mjini kuna ubishi hauishi: mbona gemu fulani ina namba moja, ina namba mbili, halafu kimya? Wengine wanasema mtengenezaji alikufa, wengine wanasema kampuni ilifilisika. Leo naweka historia ya gemu moja ambayo inajibu ubishi huo vizuri, mwenye kutaka kubishana awe na pa kushika.

ILIVYOANZA
Capcom ni kampuni ya Japani. Mwishoni mwa 1997 ilitoa kwao Mega Man Legends kwa ajili ya Playstation ya kwanza, Wamarekani wakaipata 1998. Steringi ni Mega Man Volnutt, kijana anayeingia kwenye magofu ya kale kutafuta vito vya nishati, huku binti fundi aitwaye Roll akimtengenezea silaha. Namba mbili ikatoka 2000, na hapo ndipo kasheshe lilipoanza. Mwishoni Mega Man anabaki amekwama huko juu angani, wenzake chini wanahangaika kuunda roketi wakamchukue. Basi, imeisha. Ni kama unaangalia sinema halafu umeme unakatika steringi akiwa bado mikononi mwa maadui.

MIAKA KUMI BAADAYE
Septemba 2010 Capcom wakatangaza namba tatu, safari hii kwa mashine ya Nintendo 3DS. Mashabiki wakaambiwa si kusubiri tu, waje kusaidia kuitengeneza. Ukafunguliwa ukurasa maalumu kwenye mtandao. Watu walipiga kura kuchagua mwonekano mpya wa Roll, wakatuma michoro na mawazo. Yote bure, kwa mapenzi tu.

Haukupita muda, Keiji Inafune aliyekuwa kinara wa mradi akatangaza kuondoka Capcom mwaka huohuo wa 2010. Likaahidiwa toleo dogo la majaribio la kama dola 2, liuzwe kuanzia Juni 2011. Siku ikafika, ikapita. Tarehe 18 Julai 2011 Capcom wakasema mradi umefutwa, na toleo la majaribio halitoki.

KWA NINI?
Maelezo yao ni kwamba kazi haikutimiza vigezo vya kuiruhusu iingie kwenye utengenezaji kamili. Yaani kumbe ilikuwa haijaidhinishwa! Wengi hatujui hili: kwenye kampuni hizi kutangazwa ni kitu kimoja, kupewa bajeti ni kingine. Kwanza linakuja wazo, kisha jaribio, halafu wakubwa wanakaa kuamua kama hela itarudi. Isitoshe, 3DS yenyewe ilianza kwa kusuasua sokoni, hadi Agosti 2011 Nintendo wakashusha bei Marekani kutoka dola 250 hadi 170. Capcom hawakuitaja hiyo kama sababu, ila mfanyabiashara yeyote angeiangalia.

Kilichouma zaidi ni akaunti ya Capcom ya Ulaya kuandika kwenye Twitter kama vile mashabiki hawakujitokeza vya kutosha. Watu waliwaka. Ikaanzishwa kampeni ya kukusanya watu laki moja kwenye Facebook kudai gemu irudishwe. Haikurudi.

Na Inafune mwenyewe asingeweza kuimalizia pembeni, maana jina na wahusika ni mali ya Capcom. Mwaka 2015 alijaribu kuchangisha kwa gemu inayofanana nayo, Red Ash, lakini haikufika lengo la dola 800,000. Capcom nao wakaziuza tena kwenye duka la Playstation zile za zamani, ya kwanza 2015 na ya pili 2016. Mega Man bado yuko angani.

NINAVYOONA MIMI
Mimi elimu yangu ni kidato cha nne tu, lakini hadithi hii naijua hata bila gemu. Wananchi wanachangishwa matofali, wanabeba mchanga na maji, boma la darasa linafika kwenye lenta, halafu mnaambiwa fungu la bati halipo. Popo wanahamia. Kampuni ina haki ya kufuta kazi isiyolipa, hela ni yake. Ila mwenye kubeba tofali ana haki ya kuambiwa mapema, kabla hajabeba, kwamba paa bado halijaidhinishwa.

Nawaambia hasa washkaji wanaojua kuchora na wanaolipia gemu kabla hazijatoka: ulizeni maswali mawili. Bajeti imepitishwa? Na ikifutwa, kazi yangu au hela yangu inarudi kwa nani? Usipopata jibu, kalamu na simu yako viweke mfukoni kwanza.

Haya wadau, nyie gemu gani mnaisubiri mpaka leo? Mwageni hapo chini.