Jamalilail wa Lamu

Jamalilail ni ukoo wa masharifu wenye asili ya Hadhramaut, uliofika Lamu, pwani ya Kenya, kupitia Ngazija. Unajulikana kwa mambo mawili yaliyorithishwa pamoja: elimu ya dini na kasida za kumsifu Mtume.

Aliyeupa ukoo huo umaarufu ni Habib Swaleh bin Alwy, aliyezaliwa Ngazija katika karne ya 19 na kuhamia Lamu akiwa kijana. Aliishi mtaa wa Langoni, akatibu watu kwa dawa za mitishamba na kuwasomesha watumwa na wana wao, ambao milango ya elimu ilikuwa imefungwa mbele yao. Hapo ndipo ulipo ukubwa wake hasa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulijengwa Msikiti wa Riyadha, na chuo chake kikavuta wanafunzi kutoka Afrika Mashariki yote.

Kwenye maulidi ya Riyadha husomwa Simtud-Durar, maulidi iliyotungwa na Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun. Matari hupigwa, safu za vijana wenye kanzu na kofia huyumba pamoja, na umati huitikia. Wapo wanazuoni waliopinga matari msikitini, lakini desturi hiyo ikashinda.



Habib Swaleh alifariki katikati ya miaka ya 1930. Wanawe, akiwemo Ahmad Badawi, waliendeleza kazi yake.