Baiskeli ya mizigo ya umeme: pima mzigo na mlima kabla ya kununua mota

Swali linalotufikia mara nyingi kuhusu baiskeli za umeme ni moja: "Ninunue mota ya wati ngapi?" Anayeuliza mara nyingi ni mtu wa kazi. Anabeba maji, mkaa, matunda, mikate au vifaa vya ujenzi kwa baiskeli au guta, na amechoka kusukuma kwa miguu. Ana akiba ya kufunga umeme mara moja tu. Akikosea mota, hana fedha ya kununua ya pili.

Jibu la wati haliwezi kuja kwanza. Mota huchaguliwa kwa mambo matatu: uzito utakaobebwa, mlima mkali kuliko yote katika njia ya kila siku, na mwendo utakaotumika kuupanda. Katika makala haya tunaeleza hesabu hiyo hatua kwa hatua, kisha aina za mota, betri, na sehemu ambazo wengi huzisahau mpaka siku ya kuteremka.

Hatua ya kwanza: andika uzito wote

Chukua karatasi uandike uzito wa mwendeshaji, wa baiskeli pamoja na mota na betri, na wa mzigo wa siku yenye kazi nyingi. Usiandike mzigo wa siku ya kawaida, kwa sababu mota huungua siku ile ya mzigo mkubwa.

Tuchukue mfano tutakaoutumia hadi mwisho. Mwendeshaji ana kilo 70, baiskeli na vifaa vyake kilo 50, mzigo kilo 120. Jumla ni kilo 240.

Hatua ya pili: pima mlima

Anayezunguka Tanga mjini, ambako ardhi kwa sehemu kubwa ni tambarare, na anayepanda Bugando kutoka katikati ya jiji la Mwanza hawahitaji mota moja, hata kama mizigo yao inalingana.

Mlima unaweza kuupima kwa vifaa vya fundi uashi. Chukua ubao ulionyooka wenye urefu wa mita 1 na pima maji. Laza ubao barabarani kuelekea juu, panapopanda zaidi, kisha inua ncha ya upande wa chini mpaka pima maji ioneshe kuwa ubao umelala sawa. Pima nafasi iliyopo kati ya ncha hiyo na barabara. Ikiwa ni sentimita 6, mlima ni wa asilimia 6. Ikiwa ni sentimita 10, ni asilimia 10, na huo ni mlima mkali kwa chombo cha mzigo. Rudia sehemu tatu au nne, kwa sababu barabara haina mwinuko mmoja.

Angalia pia urefu wa mlima. Mota inaweza kuvumilia mita 100 za mwinuko mkali, lakini kilomita nzima ya mwinuko huohuo ikaipasha joto hadi kuiharibu.

Hatua ya tatu: fanya hesabu

Kwenye mlima wa asilimia 6, kila kilo 100 za uzito hurudi nyuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 6. Kwa kilo 240, hiyo ni kama kilo 14. Ongeza takriban kilo 3 za ukinzani wa matairi kwenye lami. Jumla ni kilo 17. Ni sawa na kuvuta ndoo ya lita 17 za maji kwa kamba inayopita kwenye kapi, bila kupumzika mpaka ufike juu.

Kuvuta uzito huo kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa kunahitaji takriban wati 465 kwenye gurudumu. Mlima ukiwa wa asilimia 10, kilo zinakuwa 27 na wati zinafika kama 735. Kwenye tambarare, baiskeli hiyohiyo yenye mzigo uleule ikienda kilomita 18 kwa saa inahitaji kama wati 210 tu. Kwenye mchanga au tope hesabu hupanda sana, hata pasipo na mlima.

Mwendeshaji mwenye afya anaweza kutoa takriban wati 100 kwa muda mrefu. Zinazobaki ni kazi ya mota. Kwa mfano wetu, mlima wa asilimia 6 unataka mota ya wati 500 za kudumu, na wa asilimia 10 unataka wati 750 za kudumu.

Neno "za kudumu" ndilo la kumuuliza muuzaji. Mota iliyoandikwa wati 1000 inaweza kuwa inatoa wati hizo kwa muda mfupi tu kabla ya kupata joto kali. Wati za kudumu ni zile ambazo mota inazibeba kwa muda mrefu bila kuungua.

Nguvu ya kuzungusha na ukubwa wa gurudumu

Wati peke yake hazitoshi. Kinachopandisha mzigo ni nguvu ya kuzungusha gurudumu, ambayo kwenye karatasi za mota huandikwa kwa kipimo cha Nm. Kwa mfano wetu wa asilimia 6, gurudumu la inchi 26 linahitaji takriban Nm 55. Gurudumu la inchi 20 linahitaji takriban Nm 42 kwa mzigo uleule na mlima uleule. Kwenye asilimia 10, ni Nm 87 dhidi ya Nm 66.

Tofauti hiyo haigharimu wati hata moja. Mota ikiwa katikati ya gurudumu dogo inavuta kwa wepesi zaidi, inatumia ampia chache na inapata joto dogo. Na joto ndilo adui mkubwa: ampia zinazopita kwenye nyaya za mota zikiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Ndiyo maana baiskeli nyingi zilizobuniwa kwa mizigo hutumia magurudumu madogo. Gurudumu dogo pia hushusha sanduku la mzigo karibu na ardhi, na baiskeli haiyumbi sana. Hasara yake ni kwamba huhisi mashimo zaidi.

Aina tatu za mota

Mawazo haya si mapya. Mwaka 1895 Ogden Bolton wa Marekani alipewa hataza ya baiskeli yenye mota ndani ya gurudumu la nyuma, na mwaka 1897 Hosea Libbey, naye wa Marekani, akabuni baiskeli yenye mota kwenye ekseli ya pedeli. Hadi leo uchaguzi mkuu ni huohuo: mota ikae kwenye gurudumu au kwenye pedeli.

Ya kwanza ni mota ya gurudumu isiyo na giya. Haina kinachosagika ndani isipokuwa beringi, hivyo hudumu na matengenezo yake ni machache. Ni nzito, na kwa mwendo wa polepole inakula ampia nyingi. Ikiwa na kontrola inayofaa, inaweza kusaidia breki wakati wa kuteremka na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Inafaa njia za tambarare na milima mifupi.

Ya pili ni mota ya gurudumu yenye giya ndani. Ni ndogo na nyepesi, na giya zake huiwezesha kuondoka na mzigo vizuri zaidi kuliko mota isiyo na giya yenye uzito uleule. Giya hizo mara nyingi ni za nailoni, na huisha. Joto lake pia hutoka polepole, kwa sababu sehemu inayopata joto iko ndani, mbali na ganda la nje. Nyingi haziwezi kusaidia breki. Inafaa mzigo wa wastani na vilima vya kawaida.

Ya tatu ni mota ya kati, inayofungwa penye pedeli na kuvuta kupitia cheni. Hii hutumia giya za baiskeli yenyewe. Cheni ikiwa kwenye meno 32 mbele na 36 nyuma, mwendeshaji anapanda kwa kama kilomita 9 kwa saa huku mota ikizunguka kwa kasi inayoifaa. Kwa mlima mrefu na mkali, hii ndiyo yenye nafasi kubwa ya kufika juu bila kuungua. Gharama yake iko kwenye cheni na meno, ambavyo huisha haraka kwa sababu vinabeba nguvu ya mtu na ya mota kwa pamoja. Cheni ikikatika, mota haisaidii tena. Na mwendeshaji lazima ajifunze kubadili giya kabla mlima haujamlemea, akiachia mota kwanza.

Kwa guta la magurudumu matatu lenye mzigo nyuma kuna tahadhari ya pekee. Mota kwenye gurudumu la mbele ni rahisi kufunga, lakini kwenye mlima uzito wote unaelekea nyuma. Gurudumu la mbele linakuwa jepesi na kuteleza, hasa kwenye kokoto na mchanga. Guta la kupanda milima ni bora livutwe na ekseli ya nyuma, ulipo mzigo.

Betri, kontrola na yuniti za umeme

Betri hupimwa kwa wati-saa: zidisha volti kwa ampia-saa. Betri ya volti 48 na ampia-saa 16 ina wati-saa 768.

Kwa mzigo wa mfano wetu, kadiria wati-saa 15 kwa kila kilomita kwenye tambarare na 20 kwenye njia yenye vilima. Kilomita 30 kwa siku zenye vilima ni wati-saa 600. Usipange kuimaliza betri yote. Gawanya kwa 0.8 upate 750. Betri ya wati-saa 768 inatosha. Kuijaza tena baada ya kazi hiyo kunatumia chini ya yuniti moja ya LUKU, hata ukihesabu umeme unaopotea kwenye chaja.

Betri za asidi zenye ujazo wa namna hiyo zina uzito wa zaidi ya kilo 20, na huchakaa upesi zikitumika hadi kuisha kila siku. Za lithiamu ni nyepesi zaidi. Kati ya lithiamu, zile za chuma na fosfeti ni nzito kidogo na kubwa kidogo, lakini huvumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi na si rahisi kushika moto. Kwa mtu wa kazi ya kila siku, hizo zinafaa kuulizwa kwanza. Kila betri itumie chaja yake, maana aina mbili zilizoandikwa volti 48 zinaweza kujaa kwa volti tofauti.

Kontrola ndiyo inayopima umeme unaokwenda kwenye mota. Kwa mlima wa asilimia 10 wa mfano wetu, betri ya volti 48 itatoa takriban ampia 18, hivyo kontrola ya ampia 20 ingetosha kwa shida na ya 25 ingekuwa na nafasi. Hakikisha betri nayo inaruhusu ampia hizo kwa mfululizo. Weka fyuzi karibu na betri, na usichaji usiku mlangoni au karibu na kitanda.

Fremu na breki

Baiskeli yenye kilo 240 inahitaji kusimamishwa kwa nguvu zaidi ya mara mbili na nusu ya ile yenye kilo 90. Mwendo ukitoka kilomita 15 hadi 30 kwa saa, kazi ya breki inakuwa mara nne. Breki za fito za baiskeli za kawaida hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Tafuta breki za diski mbele na nyuma, kila moja ikijitegemea, na swichi inayokata umeme wa mota unaposhika breki.

Mota ya gurudumu ina tabia ya kuisokota ekseli yake. Nati peke yake hazitoshi. Funga kipande cha chuma kinachoshikilia ekseli kwenye fremu, la sivyo siku moja itajizungusha, ikate nyaya na kutoa gurudumu. Tumia spoku nene, na mwambie fundi wa kuchomelea aongeze nguvu penye sanduku la mzigo na shingo ya usukani. Kabla ya kuingia barabarani kwa biashara, uliza ofisi ya polisi wa usalama barabarani kuhusu taratibu za chombo cha namna hiyo.

Maswali ya kubeba dukani

Ukishapima, nenda kwa muuzaji na karatasi yenye uzito wako wote, asilimia ya mlima, urefu wake na kilomita za siku. Kisha uliza:

- Mota hii ina wati ngapi za kudumu, na Nm ngapi?
- Inazunguka mara ngapi kwa dakika kwa volti 48, na hiyo ni kilomita ngapi kwa saa kwa gurudumu langu? Kwa mzigo, chagua inayoishia kilomita 20 hadi 25. Ya kasi zaidi itadai kontrola kubwa zaidi ili ivute sawasawa.
- Betri inatoa ampia ngapi mfululizo, na bodi yake ya ulinzi ni ya ampia ngapi?
- Giya, beringi na kontrola vinapatikana hapa mjini vikiharibika?

Swali la mwisho linaweza kubadili uamuzi wote. Mota nzuri ambayo kipuri chake kinasubiriwa miezi miwili haikuingizii kipato kwa miezi hiyo miwili. Kama mota mbili zote zinapanda mlima wako, chukua ile ambayo fundi wa mtaani kwako anaweza kuifungua na kuifunga tena.