Koti la mzima moto: historia ya sekunde chache

Haya wasomaji wangu, leo tuziweke programu kando kidogo tuongee kuhusu nguo. Msicheke! Nguo nayo ni teknolojia, tena kongwe kuliko kompyuta zetu zote.

Juzi nilikuwa nyumbani Nyeri, kwenye baridi ile mnayoijua, nikachukua nyuzi mbili. Mmoja ni wa sufu kutoka Nanyuki, ambako akina mama wa Nanyuki Spinners and Weavers wamesokota kwa mkono tangu 1977. Wa pili ni wa nailoni, niliuchomoa kwenye kamba kuukuu. Nikaiwasha kwa kiberiti juu ya sinki. Sufu ilijikunja, ikanuka kama nywele zilizoungua, na nilipoondoa kiberiti ikazima yenyewe na kubaki kaa jeusi. Nailoni iliyeyuka ikadondosha tone la moto. Tone kama hilo likikuangukia kwenye ngozi, linaganda hapo hapo na kuendelea kuunguza.

Sehemu kubwa ya historia ya mavazi ya wazima moto imo katika nyuzi hizo mbili.

Kwa miaka mingi wazima moto wa Uingereza walivaa makoti mazito ya sufu. Tarehe 18 Novemba 1987 moto ulizuka katika stesheni ya treni za chini ya ardhi ya King's Cross, London, na watu 31 wakafa. Wazima moto wa London enzi hizo walivaa miguuni vazi la plastiki la manjano. Plastiki ile iliyeyuka kwa joto, na baada ya mkasa huo ikaondolewa. Nailoni yangu ya kwenye sinki, basi!

Marekani somo lilitoka kwa wanaanga. Tarehe 27 Januari 1967 Virgil Grissom, Edward White na Roger Chaffee walifia ndani ya chombo cha Apollo 1 kilipowaka moto wakati wa majaribio, kikiwa bado ardhini. Baada ya ajali hiyo NASA ilitafuta kwa bidii vitambaa visivyoshika moto. Kimoja kati ya vilivyoendelezwa ni PBI, ambacho leo kimo katika makoti ya wazima moto wengi duniani. Mwaka huohuo wa 1967 kampuni ya DuPont ilianza kuuza Nomex. Nyuzi hizi hufanya kama sufu: haziyeyuki, hugeuka kaa. Tofauti ni kwamba zinavumilia joto kali zaidi.

Sasa, hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani koti linazuia joto. Hapana, linalichelewesha tu.

Koti la kisasa lina tabaka tatu: kitambaa cha nje cha kukabili moto, utando wa kuzuia maji, na bitana nene iliyojaa hewa. Joto huingia polepole likijaza kila tabaka. Sisi wa programu tunaijua bafa, ile sehemu ya kumbukumbu inayopokea data inayokuja kwa kasi. Bafa ikijaa, mambo yanaharibika. Koti nalo ni bafa.

Na inajaa baada ya muda gani? Alice Stoll, mtafiti wa Jeshi la Majini la Marekani, alipima namna ngozi inavyoungua, akaonyesha kwamba madhara huanza ngozi ikifika nyuzijoto 44 hivi. Vipimo vya makoti vimejengwa juu ya kazi yake. Kiwango cha Marekani kilichoitwa NFPA 1971 kilidai koti, likipigwa na joto kali la maabara, lichukue angalau sekunde 17.5 kabla mvaaji hajapata jeraha la kuungua la daraja la pili. Sekunde, si dakika!

Je, vitambaa vinavyomeza joto? Vipo. Miaka ya 1980 NASA iligharimia utafiti wa kutia vidonge vidogo sana vya nta ndani ya kitambaa. Nta inapoyeyuka hunyonya joto bila yenyewe kupanda joto. Aina moja, oktadekeni, huyeyuka kwenye nyuzijoto 28 hivi, na kilo moja humeza takriban kilojuli 240. Tupige hesabu: mtu anayefanya kazi nzito hutoa joto la wati 500 hivi. Kilo hiyo imekwisha kwa dakika 8. Tena nta inawaka, kwa hiyo lazima ifichwe ndani, mbali na moto.

Umeona hesabu hiyo? Joto linatoka pia mwilini mwako. Machi 2012, Mlima Kenya ulipowaka, watu walipanda kuuzima hadi kwenye vichaka vya juu ambako hewa ni nyembamba. Huko koti nene la mjini lingekuwa adui, maana linafungia jasho. Mzima moto wa msituni anahitaji vazi jepesi la tabaka moja, lisiloyeyuka. Kununua koti moja kwa mioto yote ni kosa.

Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, bweni la shule ya Hillside Endarasha, hapa hapa Nyeri, liliungua na watoto 21 wakafa. Tangu siku hiyo siwezi kuitazama namba 17.5 kama namba ya maabara tu. Koti bora kuliko yote linampa mzima moto sekunde za kuingia na kutoka na mtoto mkononi. Halimpi zaidi, na kwa aliyechelewa kufika halimpi kitu.

Tangu Katiba ya 2010, zimamoto ni kazi ya kaunti. Basi siku kaunti yako, iwe Nyeri, Laikipia, Meru au Kirinyaga, itakapotangaza imenunua gari jipya la zimamoto, lipigie makofi. Halafu uliza: watakaolipanda watavaa nini, na vazi hilo litawapa sekunde ngapi?

Haya, tuonane tena. Na tafadhali, ukijaribu ile ya nyuzi, fanya juu ya sinki!